Kipande Kilichobaki Rahaleo

Mwezi uliopita nesi mmoja kijana, ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu, alinikabidhi chupa ndogo yenye kifuniko cheupe, akaniambia niipeleke maabara, jengo la pili kulia, ng'ambo ya uwanja. Ndani ya chupa mlikuwa na kipande changu mwenyewe, kidogo kuliko punje ya korosho, kilichotolewa kwenye titi langu la kushoto. "Usiidondoshe, mama," akasema. Kifuniko hakikuwa kimekazwa vizuri. Harufu ya ile dawa ya kuhifadhia ikanipanda puani, ikanichoma macho, na mimi mtu mzima mwenye miwani na wajukuu wawili nikasimama katikati ya uwanja wa hospitali, nimeishika chupa kwa mikono miwili, nikawa tena mtoto wa miaka tisa.

Tulikaa Rahaleo, Mtwara, katika nyumba ya vyumba vitatu yenye bati na ua wa makuti nyuma. Baba alikuwa karani bandarini, mtu wa kuja kutoka Tukuyu, mwenye mwandiko mzuri na tabia ya kuhesabu kila kitu mara mbili. Mama alikuwa mtu wa pale pale, wa upande wa Mpapura, na watu walimtania kwamba alimpata Baba kwa sababu ndiye mwanamume pekee mjini aliyekuwa hajui kula chaza. Mimi nilikuwa mtoto wao wa pekee, mdadisi, nisiyepitwa na neno. Nasema hivyo kwa sababu watoto wadadisi hudhani wanajua, na mimi nilijua kidogo tu, kiasi cha kuharibu.

Masika ya mwaka ule Mama alikwenda hospitali ya misheni na kulala huko siku mbili. Aliporudi alikuwa na bandeji chini ya blauzi, na Baba alikuwa amebeba chupa yenye mdomo mpana, mfano wa chupa za kahawa ya unga, imezungushiwa plasta kwenye kifuniko, jina la Mama limeandikwa juu kwa kalamu. Ndani ya maji kilielea kitu cheupe chenye wekundu kidogo, kama ncha ya kidole changu cha mwisho. Niliuliza. Baba hakuwa mtu wa kudanganya watoto.

"Ni kinyama cha Mama," akasema. "Daktari amekikata. Huku hakuna mtu wa kukipima, kwa hiyo kitakwenda Dar es Salaam na meli ya Alhamisi."

Barabara ilikuwa imekatika kwa mvua, kama ilivyokuwa desturi yake, na Mtwara ilikuwa imebaki na meli. Baba alikuwa anafahamiana na mhudumu mmoja wa melini, mtu mwaminifu, ambaye angeifikisha chupa hospitali kubwa. Ilikuwa Jumatatu. Akaiweka kwenye kabati la vyombo, rafu ya juu, nyuma ya vikombe vya wageni, akatuambia asiiguse mtu. Nilipanda kiti na kuitazama mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri. Sikuogopa. Nilikuwa najiuliza kama kile kipande kilikuwa kinamsikia Mama akiongea jikoni.

Jumanne Bibi akaja, mama yake Mama, kutoka Mpapura, amepakiwa kwenye lori la chama cha ushirika pamoja na kuku mmoja na kikapu cha mihogo. Alikuwa mwembamba, mweusi wa kung'aa, na chale za zamani mashavuni. Aliniita mke mwenza, kama mabibi wanavyowatania wajukuu wao wa kike, na kwa lafudhi yake ya Kimakonde ikawa "nke mwenzangu". Aliponiona tu akaniuliza, "Nke mwenzangu, nme wetu hajambo?" akimaanisha Baba, na Baba akacheka kwa aibu kama kawaida yake, akatafuta kofia yake aondoke.

Jumatano asubuhi Baba alikwenda kazini, na Mama akaenda kubadilishwa bandeji. Tulibaki Bibi na mimi. Jirani alikuwa ametuletea pweza kutoka Msimbati, na Bibi alikuwa ameshamchemsha, yuko kwenye sufuria anasubiri nazi. Bibi alipofungua kabati kutafuta bakuli, aliiona chupa.

"Hii nini?"

Nikamweleza kwa fahari, kama anayesoma somo. Kinyama cha Mama. Kimekatwa na daktari. Kinakwenda Dar es Salaam na meli kupimwa.

Bibi akakaa chini pale pale alipokuwa amesimama. Mimi nikadhani amechoka.

"Nyama ya ntu haipandi meli," akasema.

Lazima nieleze, maana wengine hamkukulia kule. Kwao Bibi kitu kilichotoka mwilini mwa mtu hakitupwi wala hakizururi. Kondo la nyuma, kitovu cha mtoto kikikatika, kile kinachokatwa jandoni, vyote huzikwa nyumbani, mahali mwenyewe anapolala na kula, na mkubwa mmoja hujua ni wapi. Kinachozikwa kinamvuta mwenyewe arudi. Nililijua hilo kwa sababu mwaka mmoja kabla nilimwona Bibi akizika kitovu cha mtoto wa mjomba, amepiga magoti kwa adabu kama yuko kwenye sala. Na Bibi alikuwa na jeraha lake katika jambo hili. Wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa walimtoa kwenye boma lake la zamani, wakamweka kando ya barabara pamoja na wengine, nyumba zimepangwa mstari. Hakulalamika sana juu ya nyumba. Alilalamika kwamba vitovu vya watoto wake wote vimebaki mahame, kwenye pori, havina mtu.

"Kitovu cha mama yako kipo mahame," akaniambia. "Hakuna anayekilinda. Unaona ameanza kuumwa? Na sasa hiki nacho kiende kwa watu tusiowajua, kitiwe wapi? Mama yako atakifuata. Ntu anakifuata kilicho chake. Ataondoka asirudi."

Ninyi mnaosoma mnaweza kucheka. Mimi sikucheka. Mama aondoke asirudi! Nikamuuliza Bibi tufanye nini, na akanituma jembe.

Alitoa plasta taratibu kwa kucha, akafungua, akageuza uso kwa ile harufu, akakitoa kipande kwa kijiko cha mbao. Alikifunga kwenye kitambaa cheupe alichochana kwenye shuka yake. Tukatoka uani, chini ya mstafeli, karibu na mahali Mama alipopenda kukaa akichambua mchele. Bibi akachimba, akazika, akasema maneno ya Kimakonde ambayo sikuyasikia vizuri, akasawazisha udongo kwa kiganja. "Sasa yupo kwao," akasema, na uso wake ulikuwa umetulia kabisa. Kisha akarudi jikoni kukuna nazi, kama mtu aliyemaliza kufagia.

Kwa Bibi habari ilikwisha. Kwangu ndiyo ilikuwa inaanza, kwa sababu mimi nilimjua Baba. Baba angeihesabu ile chupa. Angeinua kwenye mwanga, angetazama, na angekuta maji matupu. Nilisimama mbele ya kabati, na katika sufuria pweza alikuwa ametulia, mweupe, na wekundu wake kidogo.

Nilikata ncha ya mkono mmoja kwa wembe wa Baba. Nikamenya ngozi, nikachonga, nikalinganisha na kidole changu cha mwisho. Nilipokitumbukiza kilizama, kisha kikasimama wima katikati ya maji, nami nikaona kinafaa. Nikarudisha plasta kwenye alama zake zile zile. Mchana tulikula pweza kwa wali, Baba akamsifu Bibi, na mimi nilikula kuliko wote ili nisionekane. Alhamisi Baba aliinua chupa kwenye mwanga wa dirisha, kama nilivyojua atafanya, akaitazama, akaiweka mkobani.

Wiki mbili za kwanza nilikuwa na furaha ya mtu aliyeokoa nyumba. Kidonda cha Mama kilipona, bandeji ikatoka, akaanza tena kuimba akifua. Bibi alirudi kwake kupalilia. Kila asubuhi nilikwenda uani kabla ya shule, nikaangalia udongo chini ya mstafeli kama kuku hajaufukua. Nilijiona mlinzi. Lakini nilianza pia kuona mambo. Mama alipodhani hatumtazami aliingiza mkono kwapani, akabonyeza, akatulia kama anayesikiliza redio ya chumba cha pili. Baba alikuwa anakwenda gatini kila meli ikifunga, kumwona yule mhudumu, na kila mara akarudi na neno moja. Bado. Usiku alikuwa anakohoa bila kikohozi.

Wiki ya nne akaja Nesi Yustina, jirani yetu, mwanamke mnene mwenye sauti isiyojua kunong'ona. Walikaa na Mama barazani, nami nilikuwa ndani, chini ya dirisha, nachora kwa chaki sakafuni.

"Kwani wanapima nini muda wote huo?" Mama aliuliza.

"Wanakitazama kile kinyama kwa darubini, dada. Ndicho kinachosema. Kikisema ni kansa, wanakuita upesi, wanakata. Kikisema siyo, unakaa kwako unalima mboga. Bila chenyewe hakuna daktari anayejua akufanyie nini."

"Na kikichelewa kusema?"

Nesi Yustina akashusha sauti, na hilo lilikuwa jambo la ajabu kwake. "Kama ni yenyewe haisubiri," akasema. "Lakini tusitangulie. Mungu yupo."

Chaki ilivunjika mkononi mwangu. Kansa sikuijua, lakini sauti ya Mama niliijua, na nilikuwa sijawahi kuisikia ikiwa ndogo vile. Nikaelewa yote kwa mara moja. Kipande kilichojua kilikuwa kimezikwa uani kwetu, kimekaa kimya. Aliyekuwa amekwenda Dar es Salaam kusema habari za mama yangu alikuwa pweza.

Siku tatu sikula. Nilichimba chini ya mstafeli kwa kijiko nikidhani nitakirudisha, nikakuta kitambaa kimeoza na siafu wamefanya kazi yao. Nikafukia haraka, nikatapika kando ya ua. Walidhani ni malaria wakanipa kwinini. Niliinywa bila kulia, na ule uchungu nikauona ni haki yangu. Kila mtu aliyebisha hodi nilidhani ndiye analeta habari. Nilimwogopa Baba, nilimwogopa Bibi ambaye siri ilikuwa yake, lakini zaidi niliogopa nywele za Mama. Sijui kwa nini nywele. Nilikuwa nimeona zimeanza kunyonyoka kidogo mbele kwa kufunga kitambaa, na mimi nikadhani ndiyo ameanza kuondoka.

Jumamosi akanikalisha kunisuka. Nilikaa chini, kichwa kati ya magoti yake, naye juu ya kigoda. Ukiwa hivyo humwoni mama yako na yeye hakuoni, anaona utosi tu. Nadhani ndiyo maana niliweza. Alikuwa akiinua mkono wa kulia anavuta pumzi kwa maumivu, na mara ya tatu aliyovuta, nikasema.

Nilisema yote, vibaya, kuanzia mwisho. Pweza kwanza, kisha wembe, kisha kitambaa, kisha Bibi. Mikono yake ilisimama. Nilisikia kitana kikianguka. Nikajikaza nikisubiri kofi.

"Mlizika wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha. Alivua ndara, akasimama peku chini ya mstafeli, akaangalia chini kwa muda mrefu. Nilitamani anipige. Akaanza kutetemeka mabega, na nilipomtazama usoni sikuelewa kama anacheka au analia, na hata sasa nikikumbuka sina hakika. Baadaye aliniambia kwamba alikuwa anaogopa sana kwenda Dar es Salaam. Tangu siku ya kwanza alikuwa anaomba majibu yachelewe. Alijua watu watatu waliopelekwa huko na meli, na wote watatu walizikwa huko huko.

"Wewe na bibi yako," akasema. "Wewe na bibi yako, jamani!" Akajifuta uso kwa kanga. "Haya. Sitawakilishwa na pweza. Nitakwenda mwenyewe." Kisha, kama anayejisemea: "Na kama mimi nimo humu, basi lazima nirudi."

Aliniambia nisimtaje Bibi kwa Baba. Baba alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa na namna yake ya kunyamaza juu ya mambo ya watu wa kwetu, na Mama hakutaka mama yake anyamaziwe. Jioni ile alimwambia mumewe kwamba amechoka kusubiri karatasi, anataka madaktari wamwone yeye. Wiki moja ilipita kabla ya meli nyingine. Nilihesabu vidole: tangu ile chupa iondoke zilikuwa zimeshapita wiki tano.

Tulimsindikiza gatini. Alikuwa na begi la kijani na kikapu, na kanga mpya aliyopewa na Nesi Yustina. Aliniinamia, akaninong'oneza nimwagilie mstafeli. Nikamwagilia kila siku, hata mvua ikinyesha, hadi Baba akaniuliza kama nina wazimu.

Siku nne baada ya Mama kuondoka barua ikaja. Baba aliisoma mezani amesimama. Akaisoma tena. Akavua miwani, akaifuta, akaisoma mara ya tatu, kisha akaniangalia mimi.

"Wanasema kipande tulichowapelekea si cha binadamu," akasema polepole.

Nikatazama kabati la vyombo.

"Ile Jumatano," akasema Baba, "bibi yako alipokuwa hapa. Tulikula nini?"

"Pweza, Baba."

Aliikunja barua mara mbili, kwa uangalifu, pembe juu ya pembe. Akaketi. Machozi yalimtoka bila sauti, ya kwanza niliyoyaona kwake, na mimi nilisimama palepale nimeshika ukingo wa meza. Baadaye akanyoosha mkono akanivuta kwake. "Mama yako anajua?" Nikatikisa kichwa kukubali. "Basi," akasema. "Imekwisha." Hakuuliza nani alizika, na mpaka anakufa hakuuliza, ingawa kuanzia pale kila Bibi alipokuja, yeye mwenyewe ndiye aliyempelekea maji ya kuoga.

Ilikuwa kansa. Walimkata titi lote la kulia, wakamchoma kwa mashine ya mionzi wiki nyingi, na tulikaa tukisubiri barua zake fupi, za mwandiko wa mtu mwingine. Mchana mmoja wa kiangazi, korosho zimeshaanza kuchanua, alishuka kutoka melini, mwembamba kama Bibi, kanga imefungwa upande mmoja. Nilikimbia nikasita hatua mbili kabla ya kumfikia, nikiogopa kumuumiza. Alinivuta nikaegemea upande uliobaki.

Bibi alikuja siku ya pili yake. Walikaa kitandani wawili, mlango wazi. Bibi akamfunua binti yake, akaangalia kovu, akalifunika.

"Limebaki wapi?" akauliza.

"Huko huko, Mama. Sijui walilipeleka wapi."

Bibi akaniomba unga, nikamletea kwenye bakuli. Akatoka uani, akapiga magoti chini ya mstafeli, akamimina unga kidogo juu ya udongo, kama wazee wanavyofanya wakiomba. "Kidogo kitakiita kikubwa," akasema. Baba alikuwa amesimama mlangoni. Akavua kofia.

Mama aliishi hadi nikamaliza chuo cha ualimu. Aliniona na gauni la harusi. Halafu ugonjwa ulirudi, kwenye mifupa, na safari hii hakukuwa na meli ya kumpeleka popote. Tulimzika Mtwara. Miaka mingi baadaye nilimsimulia daktari mmoja habari ile yote na kumwuliza kuhusu zile wiki tano, kama ziliharibu kitu. Alikuwa mtu mpole. Akasema kwa wakati ule, kwa hali ile, huenda hazikubadilisha chochote, na akaangalia pembeni alipofika kwenye "huenda". Ninaishi na neno hilo. Sijawahi kumlaumu Bibi, na siku nyingine nimemlaumu. Mimi mwenyewe nimejisamehe mara nyingi, lakini kila mara huwa lazima nianze upya.

Kwa hiyo mwezi uliopita, katikati ya ule uwanja, niliinua chupa kwenye mwanga kama Baba. Nikahakikisha kipande kipo. Nikakaza kifuniko, nikavuka, sikusalimiana na mtu, na pale dirishani nilikataa kuondoka mpaka binti wa maabara alipoandika jina langu kwenye daftari mbele ya macho yangu. Akaniambia nirudi baada ya wiki nne. Nilimwambia nne ni nyingi. Akasema, "Pole, mama, ndivyo ilivyo."

Wiki zenyewe hazijaisha. Nakaa ghorofani sasa, mbali na Mtwara, sina ua wala mstafeli, nina ndoo moja ya pilipili barazani. Siku ile nilipotoka maabara nilikata kucha ya kidole changu cha mwisho, nikaifukia humo. Nilifundisha sayansi miaka thelathini. Binti yangu alinikuta nimeinama na udongo viganjani, akaniuliza, "Mama, unafanya nini?" Nikamwambia awe anaimwagilia hiyo pilipili kila siku, hata mvua ikinyesha.